Kigelegele cha Bi Sabra

Mansuri alizaliwa na tundu kwenye kaakaa. Kwa nje hakuna aliyeona kasoro: mdomo mzima, pua nzuri, mashavu ya ukoo wa mama yake. Ndani, pale ambapo ulimi huegemea mtoto anapofyonza, palikuwa wazi. Mtoto wa namna hiyo akivuta titi anavuta hewa. Kwa hiyo alilishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni, ukabandikwa plasta shavuni, na mama yake, Yasmin, akakamua maziwa na kuyapitisha humo taratibu kwa bomba la sindano.

Yasmin alifundisha kemia katika shule moja ya sekondari mjini Morogoro. Aliambiwa kwamba tundu lingeshonwa mtoto akikua kidogo, na kwamba kabla ya hapo alihitaji kujifunza kunywa kwa chupa ya pekee, laini, ambayo mlishaji huiminya. Muuguzi Hosiana wa kliniki ya watoto ndiye aliyempa chupa hiyo na kumwonyesha namna ya kuitumia.

"Mkalishe wima, usimlaze. Akifyonza, minya kidogo. Akipumzika, acha. Usimmiminie, mfuate yeye."

"Na asipotaka?"

"Jumatatu namtaka hapa. Akiimaliza chupa mbele yangu, mpira tunautoa hapohapo. Asipoweza, daktari atampeleka Dar wamtoboe tumbo wamwekee mpira hapo. Huu wa pua umeshakaa sana."

Yasmin alirudi nyumbani Mwembesongo akiwa na wiki moja na chupa moja.

Yeye na mumewe, Abdulmajid, walipanga vyumba viwili katika nyumba yenye ua mmoja na wapangaji wengi, na habari za chupa zilifika uani kabla yeye hajavua viatu. Mama yake naye alikuwa ameshateremka kutoka Kinole, milimani, na mkungu wa ndizi na fungu la mdalasini. Bi Sabra alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Huko kwao, mwali anapotolewa nje, yeye ndiye aliyeanza kigelegele, na wenzake walimsubiri. Wakwe wa kijiji cha pili walidai kwamba walikisikia kutoka ng'ambo ya bonde.

"Mlete mume wangu nimwone akinywa," alisema, kwani ndivyo alivyomwita mjukuu wake.

Yasmin alikaa kitandani, akamweka Mansuri wima, akamgusisha chuchu ya chupa kwenye mdomo wa chini. Mtoto alifungua mdomo. Alifyonza. Yasmin aliminya kidogo, na koo dogo likapanda na kushuka.

"Amemeza," Abdulmajid alisema kutoka mlangoni.

Bi Sabra akapiga kigelegele. Mama Allen, jirani wa chumba cha pili, akakipokea kutoka kwenye jiko lake uani, na watoto wa nyumba nzima wakakimbilia dirishani. Mansuri alirusha mikono, akakohoa, maziwa yakamtoka puani, na baada ya hapo akaubana mdomo kabisa.

Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Anameza mara mbili, nyumba inalipuka kwa shangwe, anapaliwa, anakataa. Kufikia katikati ya wiki alikuwa akiiona chupa anageuza uso. Kila mtu uani alikuwa na maelezo. Mama Allen alisema maziwa yana moto. Abdulmajid alisema yana baridi. Bi Sabra alisema chuchu ile inanuka harufu ya dukani, akaichemsha pamoja na kipande cha mdalasini, na Yasmin akaichemsha tena bila mdalasini.

Alhamisi mawingu yaliyokuwa yameikalia milima tangu asubuhi yakashuka mjini. Bi Sabra alikuwa chumbani kwa Mama Allen wakichambua mchele, na mvua iliponyesha alibaki hukohuko, kwa sababu ua uligeuka kidimbwi. Bati lilipigwa mpaka mtu asingesikia redio iliyo karibu naye. Yasmin alikuwa peke yake na mtoto. Alijaribu bila matumaini makubwa.

Mansuri alifyonza, akameza, akapumzika. Akafyonza tena. Yasmin aliutazama mstari wa maziwa ukishuka kwenye plastiki, mkono wake ukiwa mtulivu. Mtoto alipolala, chupa ilikuwa imevuka nusu.

Mvua ilipokatika aliitoa chupa nje na kuiinua. Kelele zilizofuata zilimwamsha mtu wa zamu ya usiku aliyekuwa amelala chumba cha mwisho.

"Nilijua," Bi Sabra alisema, akicheza katikati ya madimbwi. "Mume wangu ni mtu wa milimani. Anapenda mvua."

"Basi tumtafutie mvua," alisema Abdulmajid.

Jumamosi aliipata kwenye simu: mvua kubwa ya kurekodiwa, na radi za mbali. Akaazima spika kwa fundi wa redio. Chumba kikajaa watu waliokuja kuona mvua ya simu ikimnywesha mtoto. Yasmin aliona ujinga, lakini hakuwa na ushahidi wa kuupinga, akakaa na kuanza. Mansuri alimeza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Spika ilinguruma. Mara ya nne Bi Sabra hakuweza kuvumilia, na kigelegele chake kikaizidi radi.

Mtoto alipaliwa. Maziwa yakatoka puani.

Safari hii Yasmin hakumtazama mtoto kwanza. Alitazama mkono wake mwenyewe. Vidole vilikuwa vimezama katika ile chupa laini mpaka pande zake zilikaribia kugusana. Hakukumbuka kuiminya. Alikuwa ameshtuka, na mkono ulioshtuka ulimmiminia mtoto maziwa ambayo hakuyaomba.

Alisubiri watu watoke, akamwambia mumewe.

Abdulmajid aliizima mvua. "Nilishuku," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Ile Alhamisi mama hakuwepo."

"Na ukanyamaza. Ukaenda kuazima spika."

"Sasa mimi namwambiaje mama mkwe afunge mdomo? Hata kumtazama usoni siwezi sawasawa. Nilidhani spika itamfunika."

"Imemfunika?"

Abdulmajid alikiri kwamba haikumfunika.

Yasmin hakutaka kumweleza mama yake jambo zito kwa kubahatisha. Jumapili asubuhi alimtuma sokoni akanunue nazi, ambazo nyumbani zilikuwepo, na akamwomba Mama Allen amsindikize. Jua lilikuwa kali, hakukuwa na mvua ya bati wala ya simu. Mansuri alikunywa karibu chupa nzima.

Bi Sabra aliporudi na nazi zake, Yasmin alimkaribisha mkekani, akakaa chini kuliko yeye.

"Mama, nimejua kinachomzuia mtoto."

"Sema."

"Ni mkono wangu. Nikishtuka naiminya chupa, anajaa maziwa, anapaliwa. Sasa anaogopa."

"Unashtushwa na nini, mwanangu? Humu ndani kuna nini cha kushtua?"

Mlangoni Abdulmajid aligundua ghafla kwamba kuna kitu anakihitaji nje, akaondoka.

"Kigelegele, mama."

Bi Sabra aliweka nazi moja chini, halafu ya pili. "Kwa hiyo ni mimi ninayemkaba mume wangu."

"Ni mkono wangu."

"Usinipake mafuta. Mimi ndiye." Alimtazama mtoto aliyelala akiwa na plasta shavuni. "Na wewe umenituma nazi ili unipime."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Amekunywa?"

"Karibu yote."

Koo la Bi Sabra lilitikisika. Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akajiinamia, mabega yakimtetemeka, na Yasmin hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso. Alikuwa akicheka.

"Unaona?" alisema. "Kinatoka chenyewe. Mimi sikiiti. Kesho nitabaki nyumbani."

"Hapana. Utakuja. Ila tutafute njia."

Njia aliitafuta Bi Sabra mwenyewe.

Jumatatu Abdulmajid alibaki nje ya kliniki na pikipiki yake, akiizungukazunguka kana kwamba imeharibika. Ndani, kabla ya kuitwa, Bi Sabra alifungua chupa ya maji ya kunywa, akajaza mdomo mpaka mashavu yakatuna, akafunga midomo. Wakaingia.

"Shikamoo, bibi," Hosiana alisema.

Bi Sabra aliinamisha kichwa kwa heshima zote.

Hosiana alisubiri. Alikuwa binti aliyefunzwa adabu na hakuzoea salamu yake iachwe hewani. "Bibi anaumwa jino?"

"Hapana, dada," Yasmin alisema. "Ana maji mdomoni. Nitakueleza tukimaliza."

Hosiana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaamua kwamba kazi iendelee. Yasmin alikaa, akamweka mtoto wima, akagusisha chuchu. Mansuri aligeuza uso.

Yasmin hakumlazimisha. Aliishika chupa pale ilipokuwa, mkono umelegea, akangoja. Bi Sabra alikodoa macho. Mtoto alirudisha uso kidogo, akaigusa chuchu kwa ulimi, akafungua mdomo.

Alifyonza na kumeza. Akafyonza tena.

Hosiana alikuwa ameinama, amesahau kukaa. Mstari wa maziwa ulivuka nusu, na hapo Bi Sabra akashika kiti kwa mikono yote miwili. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na tone la maji likamponyoka pembeni mwa mdomo. Mtoto alipumzika, kila mtu akapumzika naye. Akaendelea. Mwishoni chupa ilitoa sauti ndogo ya hewa, kwa kuwa hakukubaki kitu kingine.

Yasmin alimweka begani mpaka akabeua.

"Basi," Hosiana alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Alilowesha plasta, akaibandua taratibu, na kwa mvuto mmoja usiokatika akautoa mpira puani. Mansuri alikunja uso, akapiga chafya. Yasmin hakuwa amewahi kuliona shavu lile likiwa wazi.

Bi Sabra alimeza maji.

"Marahaba, mwanangu," alimwambia Hosiana. "Habari za kazi?" Kisha akamgeukia binti yake. "Mdomoni mwa mume wangu kuna kitu?"

"Hakuna, mama."

"Na wewe mkononi?"

Yasmin aliiweka chupa tupu mezani na kumwonyesha viganja.

Bi Sabra alitoka mpaka kwenye korido. Abdulmajid, aliyekuwa kule nje ng'ambo ya ukuta, alikisikia kigelegele na kuelewa yote bila kuambiwa. Ndani, Mansuri alirusha mikono kwa mshtuko, akatazama huku na huku, kisha akaanza kunyonya ngumi yake.