Gata Limemwangukia

Gata la kukingia maji ya paa lilikuwa limelala uani chali, refu na jeupe, limebakiza maji kidogo ya mvua ya juzi, na ndani ya maji hayo viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikichezacheza. Sabra alilitazama gata kabla hajamtazama binti yake. Macho yake yalihitaji pa kuanzia.

Asia alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, mkono wa kushoto umefungwa hogo zito jeupe la plasta kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Jicho moja lilikuwa limefumba, limevimba na kuiva kama zambarau. Mdomo wa chini ulikuwa umeshonwa nyuzi nyeusi, na kila alipotaka kusema aliulamba kwanza.

"Gata lilimwangukia, mama," alisema Twalibu, mkwewe, hata kabla ya salamu kwisha. "Ile mvua ya juzi. Nilimwambia asitoke, mwanao mbishi. Akatoka kutega ndoo. Mara, pu!"

Alipiga makofi mara moja kuonyesha kishindo. Asia akajikunyata hadi mabega yakagusa masikio.

"Pole, mwanangu," alisema Sabra.

"Nimeshapoa, mama."

Sabra alikuwa ameshuka asubuhi kutoka Choma, kwenye ubavu wa milima ya Uluguru, hadi hapa Kihonda, ndizi mbivu kikapuni na maneno machache kinywani. Hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Mwaka mmoja nyuma Asia alimpandia mlimani na shavu limevimba, akasema amejigonga mlangoni, naye Sabra akauacha mlango ubebe lawama. Alimkanda kwa maji ya moto, akamlaza siku mbili, akamrudisha kwa mumewe. Hakuwa ameona kwa macho yake, na jambo asiloliona hakulitolea neno.

Ila mambo ya maji ya mvua aliyajua. Tangu masika yale ukuta wa jiko lake ulipolainika kama ugali na kuwalalia mbuzi wake usiku, alijifundisha mwenyewe kuyafuata maji tangu yanapoligusa bati hadi yanapozama ardhini. Huko kwao gata waliliita mlizamu, na Sabra alilipenda jina hilo kwa sababu lilikuwa na kilio ndani yake. Alijua mlizamu hauanguki bila kuaga. Kwanza majani huziba, maji hufurika kwa nyuma na kuchora michirizi ya kahawia ukutani. Kisha ubao unaoushikilia hunywa maji na kuvimba, misumari ikaota kutu, matundu yakapanuka, na mlizamu ukaanza kuinamia chini kidogo kidogo. Mwenye macho hupewa miezi mizima ya kuonywa.

Aliinua uso. Ukuta chini ya paa ulikuwa safi kama shuka iliyofuliwa.

Huenda walipaka rangi karibuni, alijiambia. Huenda.

Upande wa milimani wingu zito lilikuwa limeshameza vilele na sasa lilishuka kuja mjini, jeusi, tumbo limejaa. Upepo uliinua vumbi na mifuko. Jirani, Martina, alionekana juu ya ukuta wa uzio akianua nguo zake haraka haraka. Alimtazama Asia, akamtazama Twalibu, akainamisha macho.

"Mvua hii ikikuta ubao uko wazi itaingia ukutani," alisema Sabra. "Mkwe, una ngazi?"

Twalibu alicheka. "Mama, fundi atakuja. Wewe kupanda ngazi mbele yangu, watu watasema nini? Ukwe gani huo?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Tangu amwozeshe Asia, Sabra hakuwahi kula meza moja na mkwewe, wala kumtazama usoni kwa zaidi ya salamu. Akikutana naye njiani alivuta ushungi na kupisha. Ndivyo alivyolelewa.

"Watasema mkwe wako ana mikono," alijibu. "Lete na nyundo."

Twalibu alisita, kisha akaona kukataa kungeonekana kubaya kuliko kukubali. Akaleta ngazi ya mbao na nyundo yenye meno nyuma. Sabra alijifunga khanga ya pili kiunoni, akachomeka nyundo, akapanda.

"Nakushikia, mama," alisema Twalibu chini yake. "Usiogope."

Kipande kilichokuwa kimeanguka kiliacha pengo. Kilichobaki kilikwenda hadi kwenye tangi la maji pembeni. Sabra aliubonyeza ubao kwa kidole gumba, palepale lilipoanguka gata. Haukubonyea. Ulikuwa mkavu, mgumu, mzima. Matundu ya misumari yalikuwa ya duara, hayakupanuka wala kuchanika. Kando ya kila tundu palikuwa na mikwaruzo miwili iliyozamisha rangi hadi kwenye mti mweupe. Alichomoa nyundo kiunoni, akalaza meno yake juu ya mikwaruzo ile. Yaliingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Kisha akachungulia ndani ya gata lililobaki, akaiona misumari.

Ilikuwa imelazwa pamoja, vichwa upande mmoja, ncha upande mmoja, na kila mmoja ulikuwa umegongwa ukanyooshwa. Mtu mbana matumizi aliiweka pale ili aitumie tena.

Mtu mwenye hasira huvunja, huyu alikuwa ameng'oa. Aliona yote kana kwamba alikuwapo: Asia amelala matopeni, mkono umekwenda usikopaswa kwenda, mvua inamwingia kinywani, na mwanamume huyu anaegemeza ngazi, anapanda, anang'oa msumari mmoja baada ya mwingine, anainyoosha, anaipanga. Kwanza mkono, baadaye gata. Na katikati ya hayo mawili hakukuwa na hasira yoyote, palikuwa na kazi tu.

Aliikusanya misumari kiganjani.

"Umeona nini huko, mama?" Sauti ya Twalibu ilikuwa laini.

"Ubao ni mzima."

"Basi shuka."

"Ni mzima kabisa, mkwe wangu." Na kwa mara ya kwanza tangu ampe binti yake, Sabra aligeuza shingo akamtazama usoni, akaganda hapo.

Ngazi ikatikisika. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu meza aone kama ina mguu mfupi.

"Kumbe huko mlimani mnasoma mabati," alisema Twalibu. "Mmefundishwa na mbuzi?"

"Mwache mama ashuke," alisema Asia.

"Ingia ndani wewe."

"Mwache ashuke, Twalibu."

"Nimesema ingia ndani!"

Tone la kwanza lilipiga bati kama jiwe. Halafu mvua yote ikaja kwa pamoja, ikaangukia Kihonda kwa ngumi, ikazizima sauti zote. Ngazi ilitikisika tena, safari hii kwa nguvu, kushoto, kulia. Miguu ya Sabra ikakosa kipago cha kukanyaga. Alitupa nyundo, akaning'inia kwenye gata kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na misumari, na hakuuachia.

Gata lile lilikuwa limepoteza mwenzake na nusu ya vishikizo vyake. Lililia mara moja, mlio mrefu wa bati, kisha likang'oka, likashuka na mama mtu.

Walimwangukia Twalibu. Ukingo wa bati ulimchana kutoka kwenye nyusi hadi taya, na uzito wa Sabra ukamlaza kwenye zege. Damu ilitoka, mvua ikaichukua, ikaisambaza uani. Sabra alijaribu kuinuka, goti likakataa. Mkono wa Twalibu ulimfikia, ukakamata ushungi, ukausokota shingoni, ukavuta. Uso wake ulikuwa karibu na wake, nusu uso, nusu nyama. Alivuta tu, polepole, kwa mpangilio.

Sabra aliona giza likija kutoka pembeni. Kisha aliona kitu cheupe kikipanda juu dhidi ya mvua.

Asia alilishusha hogo kwenye kifundo cha mkono wa mumewe. Kikasikika kishindo kikavu, na haikujulikana ni hogo lililopasuka au ni mfupa. Vidole vikafunguka. Aliliinua tena, akakaa hivyo, hogo hewani, anatweta, nyuzi za mdomo zimekatika, damu inamtiririka kidevuni.

"Basi, mwanangu," alisema Sabra, akikohoa. "Basi."

Ikachukua muda mkono ule kushuka.

Geti likasukumwa. Martina aliingia mbio, khanga kichwani, na nyuma yake majirani wawili watatu waliosikia bati likilia. Wakasimama. Twalibu alikuwa ameketi kwenye maji, ameushika uso kwa mkono mmoja, mwingine umelegea mapajani. Aliwatazama wote, mmoja mmoja. Sabra alimwona akitafuta la kusema, akilipima, akiona aibu ya kila neno: kwamba amepigwa na mke, kwamba ameangushwa na mama mkwe mtu mzima.

"Gata," alisema hatimaye. "Gata limeniangukia."

Mvua iliendelea kupiga. Martina alilitazama gata lililokunjika. Akalitazama lile lingine, la juzi, lililokuwa bado limelala chali, sasa limejaa hadi linafurika. Akamtazama Asia, mkono, jicho, mdomo.

"Tena?" aliuliza.

Sabra alimshika Asia begani, akajiinua, akasimama kwa mguu mmoja. Bila mlizamu, maji yalikuwa yakimwagika kutoka paani moja kwa moja, yakiupiga ukuta, na chini ya bati doa la kwanza la kahawia lilikuwa limeanza kujichora. Alinyoosha mkono kwa Martina, akaufungua.

Misumari ilikuwa imemchoma kiganja. Lakini ilikuwa bado imelala pamoja, minyoofu, vichwa upande mmoja.