Kizingiti Chini ya Daraja

Jumatatu asubuhi Kuwahara Mitsue alishuka ngazi za kando ya mto na chupa ya chai na mipira miwili ya wali. Akavua viatu kwenye kizingiti, akavigeuza ncha zitazame nje, akapanda juu ya maboksi yaliyotandikwa. Ndipo alipokumbuka kwamba yuko chini ya daraja la barabara kuu, na kwamba pale hapana nyumba.

"Karibu, dada," alisema Mzee Orito. "Utanisamehe baridi, hita imegoma." Akaucheka utani wake mwenyewe mpaka kikohozi kikamkaba.

Kizingiti kilijitokeza mwanzoni mwa Novemba. Orito alikuwa na mazoea, kila arudipo kuokota makopo, ya kusema "Tadaima," nimerudi, kama mtu yeyote aingiaye kwake, ingawa hakuna aliyekuwa akimngoja. Jioni moja saruji mbele yake ikajishusha kidogo, pakawa mahali pa kuachia viatu. Tangu hapo hakuna aliyeingia bila kuvua. Tarishi alivua. Polisi aliyekuja kumfukuza alivua, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda zake. Kuta hazikuota, wala paa. Upepo wa mtoni tu ndio ulioingia na viatu vyake.

Daktari wa kujitolea alikuwa amesema waziwazi: bila chumba chenye joto, mapafu ya mzee hayatayaona maua ya miplamu mwishoni mwa majira ya baridi. Na chumba kilikuwepo. Kuwahara, ambaye kazi yake ni kuunganisha huduma za miji ya mkoa kwa watu wasio na makazi, alikihangaikia mwenyewe, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Kilichobaki ni miji miwili, wa mashariki na wa magharibi, ikubali kwamba Orito hana nyumba. Mpaka wa miji hiyo unapita chini ya daraja lile, katikati ya maboksi yake. Miaka yote maofisa wake walikuwa wakitupiana mzee kama mpira: wa mashariki wakidai analala magharibi, wa magharibi wakidai anakula mashariki. Hayo ndiyo waliyoyaita ushirikiano, na Kuwahara alikuwa amechoka kuyasikia.

Alhamisi aliwaleta maofisa wote wawili. Hatada wa mashariki na Sugimori wa magharibi walifika kizingitini, wakavua viatu, wakainama, wakasema, "Samahani kwa kuingia." Orito akawamiminia chai. Walipomaliza kunywa, Sugimori akageuka, akaviona viatu vyao vimejipanga.

"Bi Kuwahara," alisema, "mbona hii ni nyumba?"

"Nyumba gani? Ukuta uko wapi?"

"Nimevua viatu."

"Hata mimi," alisema Hatada. "Nimevua kabla sijafikiri."

"Mzee anatema damu, nanyi mnaniambia habari za viatu?"

"Mtu mwenye nyumba hawezi kupewa chumba cha wasio na nyumba," alisema Hatada kwa upole. "Unaijua sheria kuliko sisi." Sugimori akaitikia kwa kichwa. Tangu daraja lijengwe, miji ile haikuwahi kukubaliana hivyo.

Hasira zikampanda Kuwahara. Akawataka wavae viatu vyao, wapande tena navyo, hatua moja tu, wajionee kwamba wanakanyaga boksi. Hatada alijaribu. Akavaa, akainua mguu, mguu ukaning'inia juu ya kizingiti, kisha akaushusha nje.

"Samahani," alisema. "Mama alinilea vizuri."

"Basi nitapanda mimi!"

Akavaa viatu vyake, akapanda navyo. Chini ya soli boksi lilibonyea, likatoa mlio mdogo. Orito aliitazama alama ya tope pale anapolaza kichwa, akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kuifuta.

"Hata wewe, dada?" aliuliza hatimaye.

Uso ulimwaka Kuwahara kwa aibu. Akashuka, akavua, akarudi kupiga magoti kumsaidia kufuta. Maofisa wakatazama pembeni, kama wageni wafanyavyo watu wa nyumba wakikosana.

Baada ya hapo mkoa ulitangaza kwamba idadi ya wasio na makazi imepungua kwa mtu mmoja, na Kuwahara akapongezwa mbele ya wenzake kwa kuipatanisha miji miwili. Kile chumba kilikaa kitupu. Kila alipokwenda kukifungulia madirisha, aliwasha hita, akaiacha ivume kidogo, akaizima, akashuka na chai kwenda darajani. Alimpelekea mzee mablanketi mpaka yakawa lundo, na upepo ukapita katikati yake.

Mzee Orito alikufa wakati miplamu ya kando ya mto ina matumba tu, haijachanua.

Hatada na Sugimori walifika alfajiri ya siku hiyo hiyo. Marehemu hakuwa na ndugu, na asiye na ndugu huzikwa na mji alikofia, lakini yeye alilala mpakani, kichwa mashariki, miguu magharibi. Mtu hufia kichwani, alisema Sugimori. Mtu huhesabiwa asimamapo, alisema Hatada. Tena, mtu mwenyewe hakuwa na nyumba, walisema wote wawili.

Kuwahara aliketi karibu na maiti, ufunguo ukimuumiza kiganjani, akawasikiliza. Walibishana mpaka jua likatoka, kwa sauti ya chini, wakiwa na soksi tu, kwa adabu zote za watu walio nyumbani kwa mtu.