Mpira wa Ishirini na Nne

Fundi mkuu aliinua koleo lake, akauona mpira. Ulikuwa mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu, umelala kwenye trei iliyopaswa kuwa tupu.

Asubuhi yeye na mwenzake walipewa mipira ishirini na minne kwa redio ishirini na nne, kila redio na wake, wa kuzuia maji pale kifuniko kinapokutana na kasha. Redio zote zilikwisha kufungwa, na nje zilikuwa zikipakiwa kwenye lori. Kwa hiyo moja ilikuwa inaondoka bila mpira, kwenda zahanati za ng'ambo ya milima, kusikofika simu, na mvua imeshaanza. Maji yakiingia, mkunga atabonyeza kitufe kuita gari la wagonjwa, asijibiwe na mtu.

Alitazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Mpira ungeingia mfukoni bila hata kutuna. Kwa miaka kumi na tisa haikurudishwa redio yake hata moja, ndiyo maana kiwanda kizima kilimwita Hairudi, naye jina hilo alilivaa kama koti jipya. Tena huenda kosa si lake. Mezani walikuwa wawili, yeye na Mama Pacha, na kila mmoja alitia tone la rangi kwenye skrubu ya mwisho ya kila redio aliyoifunga: lake bluu, la mwenzake njano.

Akaufumba mkono. Akaufumbua.

"Mama Pacha, simamisha lori."

"Kwani vipi, kaka? Umesahau kumuaga dereva?"

Akamwonyesha kiganja. Mama Pacha akatoka mbio.

Meneja, binti wa rika la kitinda mimba wake, alikuja na karatasi za mzigo mkononi. "Mzee, daraja linafungwa jioni hii. Lori lisipovuka leo, ndiyo basi mpaka mvua ziishe. Nina nusu saa. Kuzifungua zote haiwezekani."

"Hatufungui. Tunazamisha."

"Si tulizamisha tatu, zikawa salama?"

"Tatu tu, na mimi nikasaini, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wakazishusha redio, wakajaza beseni. Kila redio ilipozama, Hairudi alihesabu hadi thelathini, macho majini. Isiyo na mpira ingetoa mapovu. Ya kumi, kimya. Dereva akapiga honi.

"Piga hata na ngoma!" Mama Pacha akamjibu.

Ya ishirini, kimya. Meneja hakuondoa tena macho kwenye saa. Ya ishirini na mbili, povu moja, la pili, kisha mkufu mzima ukapanda.

Hairudi akaiopoa upesi. Mama Pacha akaipokea, akapangusa skrubu kwa kidole gumba, akasita, akaigeuzia tumboni kwake.

"Igeuze, dada."

Bluu.

Hairudi akaifungua, akaikausha, akauweka mpira. Akakaza skrubu, moja moja. Akaizamisha tena, akahesabu hadi sitini. Kimya. Mbili zilizobaki nazo, kimya.

Lori lilipotoka getini, Mama Pacha akavuta pumzi. "Sasa tukuiteje, kaka? Leo imerudi."

"Niiteni mnavyotaka."

Akavuta karatasi ya ukaguzi. Palipoandikwa idadi ya zilizozamishwa, akakata tatu, akaandika ishirini na nne.