Pengo Lisilozibika

Katika mazishi ya Susu Mukonyo kule Mwingi, mchungaji alisema marehemu ameacha pengo lisilozibika, na mjukuu wake Mwau akacheka.

Hakukusudia. Kicheko kilimtoka puani kama chafya, mbele ya jeneza, mbele ya wazee wa kanisa na wajomba waliosafiri kutoka mbali, kikasikika hadi kwenye masufuria ya pilau. Lakini kama waombolezaji wale wangemtendea haki, wangekubali kwamba Susu, ndivyo Wakamba wanavyomwita bibi, alikuwa na pengo tangu zamani. Lilikuwa hapo mbele, meno ya juu, pana la kutosha kupitisha kijiti cha kibiriti. Kupitia pengo hilo alivuta hewa kwa namna ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiweza: *fyot!* Na mbwa wake, hata yule aliyekwisha kufungua kinywa juu ya shingo ya kuku, alilala chini papo hapo kama aliyekatwa miguu.

Susu alifuga mbwa wa kuwinda. Serikali ilipiga marufuku uwindaji zamani, kwa hiyo rasmi walikuwa mbwa wa kufukuza nyani shambani. Kama sungura fulani wa porini walijikwaa wakaangukia sufuria yake, hilo lilikuwa jambo kati ya sungura hao na Muumba wao.

Baada ya mazishi majirani waligawana mbwa wale. Alibaki mmoja, mdogo kuliko wote, hata mwaka hajatimiza, mwekundu kama udongo wa Mwingi, mwenye mbavu za kuhesabika na masikio yaliyokataa kulala. Aliitwa Wakwa, yaani wangu. Alikuwa amejilaza juu ya udongo mpya wa kaburi na hakuna aliyeweza kumtoa. Hapo ndipo Mzee Muindi, baba yake Mwau, karani wa ofisi ya serikali katikati ya jiji, mtu ambaye hakuwahi kumpapasa mbwa maishani mwake, alipovua koti la suti, akamfunga mbwa ndani yake na kumweka kwenye buti ya gari. Hivyo ndivyo Wakwa alivyofika Woodley, jijini Nairobi.

Nyumba yao ya Woodley ilikuwa na ua mpana kwa nyuma, na ua ule ulikuwa na wenyewe. Kulikuwa na kuku wa Mama Peres, mama yake Mwau, wakiongozwa na jogoo aliyeitwa Mheshimiwa, kwa sababu alihutubia kila asubuhi na baada ya hapo hakufanya kazi yoyote. Kulikuwa na paka aliyeitwa Katibu, aliyehudhuria mikutano yote ya jikoni bila kuandika chochote. Na kulikuwa na kitindamimba, Mukonyo, dada yake Mwau, aliyeitwa jina la bibi yake kama desturi inavyotaka. Kwa sababu ya jina hilo, baba yake hakumwita mwanangu. Alimwita Mwaitu, mama yangu, na kumuuliza kwa heshima zote kama angependa uji sasa au baadaye.

Mama Peres, Mjaluo wa Siaya, alimtazama mbwa akishuka garini, akawatazama kuku wake, kisha akamgeukia Mwau, ambaye ndiye aliyekuwa akitikisa mkia zaidi kuliko mbwa mwenyewe.

"Wewe, Mwau. Hiyo mbwa ikiua kuku yangu moja, moja tu, inaenda Satellite kwa Zedekiah."

"Mama, yeye ni mtoto bado."

"Hata wewe ni mtoto na ulifukuzwa shule wiki mbili kwa sababu ya kuficha kengele. Moja tu."

Zedekiah alikuwa binamu yake Mama. Kule mtaani Satellite alikodisha mbwa wa ulinzi, na mchana kutwa aliwafungia kwenye vibanda vya mabati. Mwau aliwahi kwenda huko mara moja. Mbwa wale hawakubweka. Walimtazama tu kupitia matundu ya misumari, na tangu siku hiyo hakupenda kukumbuka macho yao.

Alikuwa na sababu nyingine ya kutaka mbwa abaki. Siku chache kabla ya kifo chake Susu alimtumia ujumbe wa sauti kwa simu ya jirani, ukamfikia kwenye simu aliyoificha bwenini. "Mwau, umekula wewe? Niambie kama hiyo shule inawapa chakula." Katikati ya maneno hayo kuku walipiga kelele kwa nyuma, *fyot!* ikasikika, kukawa kimya, kisha Susu akacheka na kukata. Mwau alisema atajibu kesho. Kesho yake alikuwa na mzaha wa kuandaa bwenini, na kesho ya pili Susu hakuwepo wa kujibiwa. Sasa kilichobaki cha Susu ni ujumbe ule na mbwa huyu, na likizo ya Agosti ilikuwa inayoyoma.

Basi akajitia ualimu. Asubuhi alimkimbiza Wakwa kando ya Ngong Road mpaka ulimi ukaning'inia, maana mbwa wa kuwinda asiyechoka hana masikio. Wakirudi, kuku walilishwa kwanza, mbwa akiwa kwenye kamba anatazama, ndipo naye akapewa chake. Alimshika kuku kwapani akamwacha Wakwa anuse mpaka akinai. Aliweka kiganja bapa shingoni mwa mbwa, si kwa kumpiga, bali kwa uzito tu, kama alivyomwona Susu akifanya. Suala la Katibu lilijimaliza lenyewe: ukucha mmoja puani, na tangu hapo Wakwa alimpisha paka mlangoni kama mtu mwenye cheo. Kuku ndio walikuwa shida. Kuku hukimbia, na kwa mbwa wa kuwinda kitu kinachokimbia ni mwaliko.

Kilichokosekana ni ile *fyot*. Mwau alijaribu mbele ya kioo hadi midomo ikamwuma. Alikuwa na meno yote. Kilichotoka ni mate.

Ndipo akakumbuka spika ndogo isiyo na waya aliyoinunua sokoni Ngara kwa kazi takatifu ya kuwatisha wenzake bwenini. Aliificha ndani ya banda la kuku, nyuma ya viota, akajibanza dirishani jikoni na simu mkononi. Wakwa alipomnyemelea tetea wa madoadoa, kipenzi cha Mama, Mwau alibonyeza.

"Mwau, umekula wewe?" banda likauliza.

Mbwa alisimama mguu mmoja hewani. *Fyot!* Akaanguka kifudifudi. Mwau alirusha ngumi juu kwa ushindi. Lakini Wakwa hakuinuka na kutikisa mkia. Alitambaa kwa tumbo mpaka kwenye wavu wa banda, akatia pua, akaanza kulia kwa sauti nyembamba sana, kama mlango unaofunguliwa polepole na mtu asiyeonekana. Siku hiyo hakugusa chakula chake.

Mtu mwenye hekima angeishia hapo. Lakini jioni moja ya ukungu, ile baridi ya Agosti ambamo jua la Nairobi huwa limesahau kazi yake, Mzee Muindi alitoka uani na kikombe cha chai akasimama karibu na banda. Kidole cha Mwau hakikuomba ruhusa ya kichwa chake.

"Mwau, umekula wewe?"

Mzee Muindi hakuruka wala hakupiga kelele. Aliinama akaweka kikombe chini taratibu, kama anayelaza mtoto mchanga. Akavua kofia. Akasimama hivyo, kichwa wazi katika manyunyu, akingoja. Mwau, aliyekuwa ameandaa kicheko, alirudi nyuma kutoka dirishani.

Kuanzia kesho yake, Mzee Muindi alipotoka kazini hakubadilisha hata viatu. Alikwenda moja kwa moja uani, akageuza jerikani ya lita ishirini, akaketi mbele ya banda. Wakwa aliketi kando yake. Hawakugusana wala kutazamana. Walitazama banda.

"Sasa nyinyi wawili," Mama alisema siku ya tatu, akianua nguo, "mnangoja kuku itage ama itoe hotuba?"

"Tunapunga hewa, Peres."

"Hewa ya kinyesi cha kuku. Haya."

Mwau aliitoa spika akaizima, akaitia mfukoni, akaapa hataiwasha tena. Haikusaidia. Saa ile ya jioni ikifika, hata Mheshimiwa alinyamaza na kuku wakajibana upande mmoja wa banda, wakiacha nafasi upande wa pili, nafasi ya kumtosha mtu. Mwau akivuka ua alijikuta anatembea haraka. Mara mbili aligeuka akidhani ameitwa. Naye Wakwa akaanza kuchimba chini ya wavu, kidogo leo, kidogo kesho, na Mwau alifukia kila shimo kabla Mama hajaliona.

Wiki hiyo hiyo Mukonyo alianguka kwenye ngazi ya jikoni, jino lake la mbele likabaki pale. Alilia, akapewa andazi, yakaisha. Hakuna aliyelifikiria zaidi.

Jumamosi ya mwisho ya likizo Mama alikwenda kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Mwau alikuwa akipiga pasi sare ya shule aliposikia wavu ukipasuka. Alitoka mbio, akamkuta baba yake amesimama kando ya jerikani iliyopinduka, mikono hewani, haijui ishike nini. Wakwa alikuwa ndani ya banda. Kuku walitoka kama mto uliovunja kingo. Mbwa alipekua viota kimoja baada ya kingine, akitupa majani, akilia kile kilio chembamba. Alikuwa anamtafuta mtu. Kisha tetea wa madoadoa akamrukia usoni katika kutafuta njia, na meno ya Wakwa yakafanya kile yalichozaliwa kufanya.

"Wakwa! Achilia!"

Mbwa alimtazama kana kwamba hamwoni. Mwau alivuta hewa kwa nguvu zake zote. Mate. Akavuta tena. Mate. Nyuma yake lango likalia, na sauti ya Mama ikaanza kuuliza ni kelele gani hizo, ikakatika.

Hapo Mukonyo alipita kati yao, gambuti nyekundu miguuni, bila haraka, mikono nyuma.

*Fyot!*

Kinywa cha Wakwa kilifunguka. Akaanguka kifudifudi. Mtoto akainama, akaweka kiganja bapa shingoni mwa mbwa, uzito tu, akasema kwa sauti ya kuchoka kidogo, kama mtu aliyesema neno hilo maisha yake yote:

"Ekana nayo, Wakwa."

Achana naye. Kikamba. Katika nyumba ile watoto hawakufundishwa Kikamba wala Kijaluo, ili pasiwe na upendeleo. Mwau mwenyewe, mkubwa hivyo, aliyajua maneno hayo kwa sababu moja tu: alikuwa ameyasikia Mwingi, kwa mdomo wa Susu mwenyewe. Alitia mkono mfukoni. Spika ilikuwa pale, baridi, imezimwa.

"Kwa jina la Yesu," alisema Mama.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi kabla ya kuwa mtu wa hofu, aliingia bandani akamwinua tetea. Akanyoosha bawa moja, kisha la pili. Akapapasa shingo. Wote walingoja. Mwau aliona mabati ya Satellite, aliona matundu ya misumari.

"Imenyonyoka mkia," Mama akasema mwishowe. Alimtazama mbwa aliyelala chini ya kiganja cha mtoto, akamtazama mtoto, akatazama pembeni. "Nilisema ikiua. Haijaua. Mimi si mtu wa kubadilisha maneno."

"Kwa hivyo anakaa?"

"Wewe ndiye umefundisha huyu mtoto hayo maneno?"

"La, Mama. Haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu yako naijua." Lakini hakuibishia. "Hiyo mbwa itakaa. Na huo wavu utashonwa leo, na wewe." Akaingia jikoni na tetea wake kwapani, akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mzee Muindi aliisimamisha jerikani, akaketi. Mwau alibaki amesimama mbele yake. Mzaha mwingine wowote angeuacha umalizike wenyewe.

"Baba. Ile sauti ya siku ile. Ilikuwa mimi. Ni spika."

"Najua."

"Unajua?"

"Ina taa ya buluu, Mwau. Niliiona kwenye majani."

"Sasa mbona ukawa unakuja kila siku?"

Baba yake alipangusa matope kwenye kiatu chake kwa kidole gumba, kwa uangalifu mwingi.

"Nilikuwa nangoja uiwashe tena."

Manyunyu yalianza. Baba yake akainua macho.

"Lakini hii ya leo," akauliza polepole, "hii haikuwa wewe."

"Hapana, Baba."

Wakageuka wote wawili. Mukonyo alikuwa anawakusanya kuku mmoja mmoja, akiwarudisha bandani kwa kijiti. Aliwamwagia mahindi kwanza, Wakwa akitazama bila kutikisika. Kisha akachukua bakuli la mbwa akalisukuma mbele yake kwa mguu, na Wakwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya spika, akala chakula chote mpaka akaramba chini.

Mtoto alijipangusa mikono kwenye gauni. Akamtazama Mwau kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayepima ng'ombe sokoni, na pengo lake jipya likaonekana.

"Mwau," akasema, "umekula wewe?"

Mzee Muindi alivua kofia.

"Nimekula, Susu," Mwau akajibu. "Wanatupa chakula. Maharagwe mengi tu."

Mukonyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia ndani. Wakwa akamfuata. Mlangoni Katibu aliinuka, na safari hii yeye ndiye aliyempisha mbwa.