Kata Kuanzia Makofi

1.

Wewe unayesoma, kabla hujaniuliza simu yangu ni aina gani: ni simu. Kioo kina ufa, nafasi yake ndogo. Usinichoshe.

Naitwa Oresta. Naishi Sumbawanga na mama yangu, Visensia, na nilichotaka ni kitu kimoja tu: sauti ya mama, akiwa bado ananijua.

Alikuwa ameanza kusahau. Alianza na funguo, yakafuata majina ya majirani, ikaja siku aliyotia chumvi kwenye chai akainywa yote kwa kuona aibu kusema. Nikaona nifungue chaneli. Apike, aongee, mimi nirekodi. Watu watazame wasitazame, shauri yao.


2.

KARATASI ILIYOBANDIKWA NDANI YA MLANGO WA KABATI
(nilinakili kwa mwalimu mmoja wa mtandaoni, kijana wa maneno mengi)

Simu ya picha: isimame juu ya kinu kilichopinduliwa. Ifungwe kwa mpira kwenye kopo la unga.

Simu ya sauti: ile ya zamani. Ifungwe kwenye khanga ya mama, kifuani. Ivalishwe soksi, maana upepo wa huku hauna adabu.

Mwanga: mlango wazi, saa tatu asubuhi. Shuka jeupe upande wa pili.

Blanketi ukutani, bati lisirudishe mwangwi.

Gharama: soksi moja.

UTARATIBU. Washa simu zote mbili. Piga makofi mara moja, pa! Mlio huo ndio utakuonyesha wapi picha ya simu hii inakutana na sauti ya simu ile. Ukishazioanisha, kata kuanzia makofi mpaka neno la kwanza la somo. Mtazamaji hana muda.

Ukimaliza, futa video ghafi. Simu ndogo haibebi mizigo.


4.

(Ya tatu niliikata. Tulia, nitakuambia.)

Siku ya kwanza. Mama kakaa kwenye kigoda, unga wa ulezi mbele yake, maji yanachemka. Nikawasha, nikainama karibu na kinu, nikapiga makofi.

Pa!

Mama akaacha mwiko. Akakusanya viganja, akanijibu kwa makofi yake mawili, taratibu, akaanza kuniuliza habari za kuamka.

"Mama, hapana. Hiyo si salamu. Ni ya mitambo."

"Umeinama, umenipigia makofi, halafu unasema si salamu?"

"Ni ya sauti, mama."

"Kwani salamu si sauti? Wewe umelelewa na nani?"

"Na wewe."

"Basi ngoja ujibiwe. Aliyesalimia hainuki mpaka ajibiwe."

Nilicheka mpaka kopo likaanguka. Ukikulia kwetu Ufipa utaelewa: mtoto akiinama akapiga makofi mbele ya mkubwa, mkubwa hawezi kunyamaza. Ni sawa na kuombwa maji ukageuza uso. Tukarudia mara tatu, na mara tatu mama akajibu salamu. Nikaona haina neno, nitakata.


5.

NAFASI YA KUHIFADHI INAKARIBIA KUJAA.
FUTA VITU 14?

Ndiyo.


6.

Video zilizokamilika, kuanzia Januari hadi Juni:

Ugali wa ulezi usio na madonge
Maharage bila mafuta
Jinsi ya kujua uyoga wenye sumu (mama alikataa kutoa siri yote)
Kupepeta kwa ungo
Kupepeta kwa ungo, sehemu ya pili, maana kuku waliingia

na nyingine sita. Kumi na moja. Nzuri! Nasema mwenyewe, nzuri. Mwanga umetulia usoni kwake, sauti safi mpaka unasikia unga ukianguka. Hakuna neno la ziada.

Hakuna neno la ziada.


7.

MAONI CHINI YA VIDEO

"Bibi kanyooka, hazunguki."

"Hongera dada, kwa vifaa hivyo umetisha."

"Ndivyo video zinavyotakiwa ziwe, unaingia moja kwa moja kwenye mada."


8.

KLINIKI. KADI YA MAHUDHURIO.

Jina: Visensia
Umri: 74 (makadirio)
Tatizo: Haongei. Siku ya kumi na mbili.
Anamtambua aliyemleta: HAPANA
Uhusiano wa aliyemleta na mgonjwa: Mtoto
Ushauri: Ndugu waendelee kumsemesha. Arudi baada ya miezi mitatu.


9.

Sasa sikia. Jumanne, nimemlisha mama uji, nimemfuta mdomo, nimeshika simu. Kumeingia maoni mapya.

"Mimi Mfipa wa Laela. Video nzuri, ila bibi mbona anaanza kuongea bila salamu? Mtu mzima yule, mmemfundisha lini utovu wa adabu?"

Nikataka kumtukana. Nimeandika mpaka katikati, wewe nani wa kumwambia mama yangu hana

Nikafuta.

Nikafungua video zote kumi na moja, moja baada ya moja, nikitafuta mahali mama anaponisemesha mimi. Si watazamaji. Mimi. Anazungumza na sufuria, anazungumza na kuku, anawaambia watu nisiowajua wasiongeze maji ya baridi.

Mimi simo.

Nilikuwa kwenye salamu. Kila siku, kila nilipopiga makofi, alinijibu na kuniita jina. Mara thelathini na kitu. Na mimi mwenyewe, kwa kidole hiki


10.

UJUMBE WA SAUTI kutoka kwa Fulgensi, mdogo wangu, yuko Mpanda:

"Dada, shikamoo. Ile simu ya zamani unayoiulizia, uliyonitumia mwezi wa saba, ninayo, inafanya kazi vizuri tu. Ila niliisafisha siku ileile. Ilikuwa imejaa masauti, dada, hata picha moja haiingii. Nilisikiliza mbili tatu nikaona ni mama anasalimia tu, anasalimia tu, nikasema haya yatakuwa makosa ya kurekodi. Hukuniambia. Si ungeniambia? Mama anaendeleaje? Dada? Fundi wa hapa kasema vikishafutwa hivyo... basi nitampelekea tena. Usilie. Unalia?"

Sikumwambia kwa sababu sikujua. Na nalia, ndiyo.


3.

Iliyokatwa. Naiandika kwa kichwa, na kichwa changu sikiamini.

Ilikuwa mwezi wa sita, video ya mwisho. Nilipiga makofi. Mama akajibu, mawili, taratibu. Akasema: "Oresta, mwanangu, umeamkaje?" Hiyo nina uhakika nayo. Kisha akaendelea. Aliongea kwa muda, kama dakika nzima, kwa Kifipa, sauti ya chini, huku ananitazama. Neno la mvua lilikuwemo. Neno la baba yangu lilikuwemo. Au

Sijui alisema nini.

Sikuwa nasikiliza. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo, nikisubiri amalize nijue pa kukatia. Nikamwambia, "Haya mama, sasa anza."

Akaanza. Mtiifu yule. "Leo tunapika mlenda."


11.

Leo. Saa tatu asubuhi, mlango wazi. Kinu, kopo, mpira, shuka jeupe. Simu ya sauti haipo, kwa hiyo makofi hayana kazi yoyote ya kiufundi. Nimefuta zile video nzuri zote kumi na moja ili hii ipate nafasi. Nimemkalisha mama kwenye kigoda, khanga yake nimeifunga mwenyewe.

Nimewasha.

Nimeinama.

Pa.

00:06 Mama anatazama mlango.

00:31 Jogoo wa jirani. Ningekuwa mimi wa zamani ningeanza upya.

01:10 Anatazama mikono yangu. Usoni hafiki.

01:48 "Mama, ni Oresta. Nimekuja kukusa

03:02

04:40 Magoti yananiuma.

05:15 Ameinua mikono kutoka mapajani. Mama ameinua mikono! Viganja vimekutana. Havijatoa mlio. Labda anasikia baridi. Labda ni

06:20 Bado viko palepale. Midomo inacheza kidogo.

07:03

NAFASI IMEJAA. KUREKODI KUMESIMAMISHWA.


Kioo kimezima. Viganja vyake bado vimekutana, mbele ya kifua, pale ilipokuwa inakaa simu ya sauti.

Sijainuka.