Msumeno wa Nyumba Inayopungua

Haya nilisimuliwa na binti wa mdogo wangu, yule fundi cherehani, Jumapili iliyopita baada ya chakula cha mchana. Mimi nilisimama nje na mfuko wa sukari, yeye yuko ndani, tunazungumza dirishani.

Nyumba yake na mumewe ilianza kupungua wiki ile dada yake aliposema dukani kwake kuna nafasi ya cherehani. Mume alijibu, "Tutaona." Ijumaa mlango ukawa umepungua vidole viwili, Ijumaa iliyofuata viwili tena. Jirani alikuja akatazama, akasema afadhali yao inapungua, yake inavuja.

Cherehani yenyewe ni ya kukanyaga, meza yake ya chuma, bolti zimeganda kwa kutu, haifunguki. Iliingia mlango ukiwa mpana. Basi kila Ijumaa binti anapima mlango kwa utepe, kisha anapima meza. Zilikuwa zimebaki Ijumaa mbili meza ishindwe kupita.

Fremu nayo ikaanza kupasuka kwa kubanwa. Mume, ambaye huko stoo alikofanya kazi walimwita Bwana Sentimita, akasema hawezi kuita seremala kila wiki. Atanunua msumeno wa umeme, ule unaokata mbao kwa pembe, awe nao nyumbani. Wakaenda dukani wote wawili, maana mke hatoki peke yake.

Muuzaji akaweka miwili mezani. Mmoja mwepesi, diski yake ndogo, wa kukata mbao nyembamba. Wa pili una diski kubwa, unateleza kwenye reli, hata ubao mnene unaupitia.

"Usinunue kwa ukubwa," alisema muuzaji. "Nunua kwa mbao zako. Unakata nini?"

"Fremu ya mlango."

"Mlango upana gani?"

"Inategemea ni siku gani."

"Aa, inapungua," muuzaji akasema, akaendelea kufuta vumbi.

"Tuchukue huu wa reli, baba," mke akasema. "Tubomoe ukuta kidogo, tuweke mbao nene, cherehani ipite."

"Nyumba inakonda, wewe unataka msumeno mnene?"

"Mimi nataka mlango."

"Mlango si upo?"

Muuzaji akasema wenye nyumba za namna hiyo wengi huchukua mdogo, na una dhamana ya mwaka mzima.

"Na nyumba je?" mke akauliza.

"Hiyo hatukuuza sisi, mama."

Wakachukua mdogo. Bwana Sentimita ana mikono ya fundi, tusimnyime haki yake. Alijaribu kwanza kwenye kipande kibovu, akangoja diski isimame ndipo akainua, na pembe zake zilikutana hata unywele haupenyi. Kasoro ilikuwa kipimo. Mlango aliupima kwa mwili wake mwenyewe, kama apimavyo kila kitu mle ndani. Alisimama katikati, akabana pumzi, akasema, "Unatosha."

Jumamosi dada mtu akaja na mkokoteni. Waliisukuma cherehani, wakailaza ubavu, ikakwama kwenye fremu mpya.

"Shemeji, si ungepima kwa cherehani?"

"Kwani cherehani inakwenda matembezi?"

Dada akaondoka na mkokoteni mtupu.

Tangu hapo wateja hupitisha vitambaa dirishani. Mlangoni anapita mume tu, kiubavu. Binti ana nyonga za mama yake, hapiti. Mume anasema neema imemfuata mkewe nyumbani, hata jua halimpigi. Kila Ijumaa anakata fremu nyingine, nzuri kuliko ya seremala.

Nikamwuliza, na dirisha je?

"Limepungua kidole kimoja tu, Mama Mkubwa."

Akatoa mkono, akapokea sukari. Nyuma yake mume alikuwa amelala usingizi wa mchana kwenye kitanda chao, walichokipunguza kwa msumeno uleule kikabaki cha mtu mmoja. Binti akalaza kichwa juu ya meza ya cherehani, mguu bado uko kwenye kikanyagio. Sindano ikashona mara mbili, mara tatu, kwenye kitambaa cha mtu, kisha ikasimama. Akawa amelala.