Kisanduku Kilichojisikia

Kisanduku kiliandika SHWARI, na msimamizi wa bwawa, yule waliyemwita Chapchap, akanyoosha mkono kwenye swichi ya lango.

"Ngoja kwanza, bosi," fundi alisema.

"Ningoje nini tena, binti? Wenzako wameshasema. Maji yametufika shingoni!"

Kweli, bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Lakini chini kule, ndani ya mfereji, kaka yake fundi na vibarua wake walikuwa wanazoa tope. Lango lifunguliwe wakiwa mle, ndiyo basi tena. Na kwa vile simu hazishiki bondeni, fundi alikuwa ametengeneza visanduku viwili vya kutumiana maneno kwa mwanga, kimoja hapa langoni, kingine kwenye nguzo ng'ambo kule mferejini. Kila kimoja kina leza ya kusemea na kipokea mwanga cha kusikilizia, na hivyo viwili vimebanana humo ndani kama mapacha kitanda kimoja. Neno la kuwa tayari lilikuwa lilelile kwa pande zote: SHWARI. Huku leza ilikuwa inalituma na kulirudia bila kukoma, sasa walingoja la kule.

Haya, limekuja. Mbona basi moyo unamwenda mbio?

Akatazama dirishani. Lo, ukungu! Hata nguzo ya ng'ambo haionekani. Mwanga gani huo wa kupenya ukungu mzito namna hii bila hata kupepesa?

Akaliziba dirisha la kisanduku kwa kitambaa cheusi. SHWARI, kikaandika. SHWARI.

"Mama yangu! Kinajisikia chenyewe!" Katikati ya leza na kipokea mwanga hakuwa ameweka kizuizi. Mwanga wa huku ulikuwa unavuja humohumo ndani.

"Una hakika?" Kidole cha Chapchap kilikuwa kimeshagusa swichi.

"Toa mkono! Ndugu yangu yumo mle!"

Hakuwahi kumpigia bosi kelele maishani. Chapchap akautoa.

Fundi akazima leza, akaondoa kitambaa. Kioo kikabaki kitupu. Wakasubiri, roho mkononi. Ukungu ulipopungua kidogo, ikaja herufi moja, kwa kusitasita.

S.

Chapchap akamtazama.

U. Kisha nyingine, na nyingine: SUBIRI. MMOJA KANASA.

Baadaye kaka yake alipanda, tope mpaka masikioni, amemshika mkono kibarua anayechechemea.

"We mdogo wangu, nimekutumia subiri mpaka basi. Kwani ulikuwa unamsikiliza nani?"

Fundi akamkumbatia na tope lake, akalia.